Mekatilili wa Menza: Mama Aliyerudi kwa Miguu Kutoka Kisii

Wengi wetu tulisoma shuleni kwamba Mekatilili wa Menza alikuwa mama wa Kigiriama aliyewapinga Waingereza, akakamatwa, akapelekwa bara, akatoroka, akarudi kwao. Kule kutoroka na kurudi husemwa kwa maneno mawili matatu, kana kwamba ni mtu aliyetoka Mambrui asubuhi akaingia Malindi adhuhuri. Msomaji na achukue ramani ya Kenya, aweke kidole kimoja Kisii na kingine Kaya Fungo, kisha apime. Hata ndege apaaye bila kupinda atakwenda zaidi ya kilomita 600, na binadamu hana mbawa. Mama huyu alikuwa mjane ambaye, kwa hesabu zilizo nyingi, alikwisha pita umri wa miaka 50, na masafa hayo aliyakata kwa miguu yake.

Makala haya yataeleza maisha yake kwa jumla, na safari ile kwa urefu zaidi. Ndani ya safari hiyo imo kadhia yote ya Wagiriama na Waingereza, yaani ni nani mwenye haki ya kumwambia mtu akae wapi na avuke mto gani.

KUZALIWA NA KUOLEWA

Alizaliwa katikati ya karne ya 19 huko Mutsara wa Tsatsu, upande wa Ganze, akaitwa Mnyazi. Alikuwa mtoto wa pekee wa kike miongoni mwa ndugu zake. Masimulizi ya kwao yanasema kwamba katika ujana wake nduguye mmoja, Mwarandu, alinyakuliwa na wafanyaji wa biashara ya watumwa, asionekane tena. Sisi watu wa miji ya pwani hatuna haja ya kulificha jambo hilo. Biashara hiyo ilipita katika bandari zetu, na mashamba ya Malindi na Takaungu yalilimwa kwa jasho la watu wa namna ya Mwarandu. Mtu aliyekwisha kupokonywa ndugu hahitaji kufundishwa maana ya kijana kuchukuliwa kwa nguvu, na huenda hiyo ndiyo sababu Mnyazi alikuwa mwepesi wa kutambua, miaka mingi baadaye, kilichokuwa kikija.

Aliolewa na Dyeka wa Duka wa Lango Baya, mahali palipo karibu na mto Sabaki. Akajaaliwa watoto, na mmoja wao aliitwa Katilili. Kwa desturi ya Wagiriama mama hujulikana kwa jina la mwanawe, nalo neno la kumtaja mama ni Me. Ndipo Mnyazi akawa Me-Katilili, jina ambalo limeenea kote nchini. Mumewe akafa, naye akabaki mjane.

MTO SABAKI NA MAHINDI YAKE

Hatuwezi kumfahamu mama huyu pasipo kuufahamu mto huo. Maji yake hutoka mbali sana. Mto Athi huanzia nyanda za juu karibu na Nairobi, ukashuka kandokando ya uwanda wa Yatta. Ukikutana na mto Tsavo huitwa Galana, na ukikaribia bahari huitwa Sabaki. Rangi yake ni ya udongo mwekundu, na wakati wa mafuriko hata bahari ya Malindi hubadilika rangi kwa ajili yake. Ni mto wenye mamba na viboko. Watu wa ukingoni hujua mahali pa kupita na msimu wa kupita, na asiyejua huuliza kwanza.

Wagiriama zamani walikaa pamoja ndani ya Kaya Fungo, ngome yao iliyozungukwa na msitu. Katika karne ya 19 walizidi kuwa wengi, wakaanza kutoka na kutafuta ardhi mpya kuelekea kaskazini, na ilipofika miaka ya 1890 walikuwa wamekwisha kuvuka Sabaki na kulima ng'ambo yake. Ardhi ile ilikuwa na rutuba. Walipanda mahindi na kuyauza kwa wafanyabiashara wa Malindi, Mambrui na Takaungu, na waliuza pia pembe za ndovu. Kwa hiyo Mgiriama alikuwa na chakula ghalani na fedha ya kununulia nguo, na wala hakuwa na sababu ya kwenda kumlimia mtu mwingine kwa mshahara.

Hilo ndilo lililowaudhi Waingereza. Baada ya kutangaza himaya yao mwaka 1895, na baada ya utumwa kupigwa marufuku pwani mwaka 1907, mashamba ya pwani yalikosa watu wa kuyalima. Wazungu waliofungua mashamba ya mpira na pamba walikuwa wakilia usiku na mchana kwamba hawapati vibarua. Serikali ikatazama huku na huku, ikawaona Wagiriama, watu wengi waliokaa karibu na mashamba hayo, nao hawataki kazi. Mwaka 1912 akapelekwa kwao afisa aitwaye Arthur Champion, ili akusanye kodi ya nyumba, aweke wazee wa serikali, na atoe vijana wa kwenda mashambani.

KIFUDU NA VIAPO

Mekatilili hakuwa na cheo. Baraza la kaya lilikuwa la wazee wanaume, na mwanamke hakuketi humo akatoa hukumu. Lakini alikuwa na ulimi, na alikuwa na ngoma ya kifudu, ambayo kwa kawaida huchezwa penye matanga. Alikwenda kijiji baada ya kijiji akiicheza, na watu wakija kutazama aliwaeleza habari ya vijana kuchukuliwa, habari ya kodi, na habari ya wazee waliokubali mishahara ya Mzungu wakaisahau kaya yao. Wagiriama walikuwa na kumbukumbu ya Mepoho, mwanamke mtabiri wa zamani aliyeonya kwamba wageni watakuja na nchi itaharibika. Kwa hiyo mwanamke aliyesimama mbele ya watu na kuonya hakuwa jambo geni kwao.

Yupo kuku maarufu katika habari hizi. Inasimuliwa kwamba katika mkutano mmoja wa mwaka 1913 Mekatilili alikuja na kuku mwenye vifaranga, akamtaka Champion achukue kifaranga kimoja. Champion aliponyoosha mkono, kuku akamdonoa. Mekatilili akamweleza kwamba hivyo ndivyo atakavyofanyiwa akijaribu kuwachukua wana wa Wagiriama. Wako wasemao kwamba siku hiyo pia alimpiga Mzungu kofi. Masimulizi hayo yanapendwa mno katika miji na vijiji vya Kilifi, na kila msimulizi huyatia chumvi yake.

Lililowatisha Waingereza zaidi ya kuku na kofi lilikuwa viapo. Katikati ya mwaka 1913 Mekatilili pamoja na mzee Wanje wa Mwadorikola waliwakusanya watu Kaya Fungo. Wanawake wakala kiapo chao kiitwacho mukushekushe, na wanaume wakala kiapo cha fisi, ambacho ndicho kikali kuliko vyote kwa Wagiriama. Waliapa kutompa Mzungu kodi wala kibarua. Tangu siku hiyo Champion alipowaita watu hakuna aliyeitika, na wazee aliowaweka yeye mwenyewe waliogopa kiapo kuliko walivyomwogopa yeye. Mnamo Oktoba mwaka huo Mekatilili na Wanje wakakamatwa, wakapelekwa Kisii.

KUTOKA KISII

Kisii haikuchaguliwa kwa bahati. Waingereza walitaka mahali palipo mbali na bahari kadiri iwezekanavyo, penye baridi, pasipo na Mmijikenda hata mmoja, na ambapo lugha ya wenyeji haifanani na Kigiriama. Walidhani kwamba mtu mzima wa pwani akiwekwa huko, umbali wenyewe utakuwa ukuta wake, hata mlinzi akisinzia. Ajabu ni kwamba nchi hiyo ya Wagusii nayo ilikuwa na habari zake. Mnamo Januari 1908, miaka sita tu kabla ya hapo, kijana Otenyo alimchoma mkuki afisa wa Kiingereza aitwaye Northcote, na mwanamke mmoja, Moraa Ngiti, ndiye asemekanaye kuwatia vijana ushujaa.

Mnamo tarehe 14 Januari 1914 Mekatilili na Wanje waliponyoka. Kwa hesabu ya mwezi wa kuandama ilikuwa katikati ya Safar, mwaka 1332 wa Hijria, na mwezi ulikuwa umetimiza upevu wake siku mbili tatu tu kabla ya hapo. Maana yake ni kwamba katika siku zile za mwanzo, ambazo mtoro huandamwa sana, usiku ulikuwa na nuru ya kutembelea. Tena Januari ni kiangazi. Kwetu pwani kaskazi huwa inavuma na masika yako mbali. Na mito mingi ya bara, ambayo Aprili na Mei haipitiki, wakati huo huwa imepungua maji. Kama wangengoja miezi mitatu zaidi, safari yao ingekuwa nyingine kabisa.

Reli ilikwisha kufika Kisumu tangu mwaka 1901. Mtu mwenye nauli aliweza kupanda garimoshi huko ziwani na kuteremka Mombasa. Lakini mtoro hakaribii stesheni, kwani hapo pana karani, pana askari, na waya wa simu hukimbia kuliko garimoshi lenyewe. Njia iliyokuwa rahisi kwa wengine, kwao ilikuwa mtego. Leo mtu aliyekwama Lango Baya husimama kando ya barabara iendayo Malindi, akainua mkono, na lori la mchanga au matatu ikamchukua. Mwaka 1914 hapakuwa na lifti ya namna hiyo, na hata kama ingalikuwapo, mfungwa wa serikali angethubutu kumwinulia nani mkono?

Atokaye Kisii kuelekea pwani kwa miguu ana mambo ya kukutana nayo, apende asipende. Kwanza ni milima ya Wagusii, yenye vijito kila bonde. Akishika kusini mashariki ataingia mbuga za Wamaasai na kuvuka mto Mara, kisha Uaso Nyiro. Akishika mashariki moja kwa moja atapanda Mau penye msitu na baridi kali. Kwa njia yoyote hana budi kuteremka Bonde la Ufa, apande tena ng'ambo, ndipo akabili nyika ya Tsavo na Taru, ambayo misafara ya zamani iliiogopa kuliko simba. Huko mtu hunywa maji ya mvua yaliyobaki katika ngurunga za mawe, na akizikuta zimekauka huendelea na kiu yake. Mtu mwenye miguu mizuri akienda kilomita 20 kwa siku, na akiwa hapotei njia wala hapumziki, masafa hayo yatamchukua mwezi mzima. Hao walikuwa watu wawili wenye umri, waliotoka kifungoni.

Hapana shaka kwamba walisaidiwa. Mtu hawezi kutembea masafa kama hayo pasipo kula, na mtoro hana duka. Lazima alikuwako mwanamke fulani aliyewapa ugali au maziwa, na mchungaji aliyewaonyesha kivuko, na mzee aliyewaacha walale uwani asiwapelekee askari habari. Majina yao hayamo katika kitabu chochote. Kwa maoni yangu watu hao nao wana sehemu katika historia hii, kwa sababu bila wao jina la Mekatilili lingeishia mbugani.

Na kuna jambo moja la kufikiri juu ya maji. Mwenye kuufuata mto Athi kuelekea jua litokako, akaendelea nao unapokuwa Galana, hatimaye hufika Lango Baya. Mto ambao Waingereza waliukuta wakautaka uwe mpaka, wenyewe ni njia itokayo nyanda za juu hadi mlangoni kwa mama huyu. Wagiriama waliujua hivyo tangu hapo, kwa sababu wawindaji wao wa ndovu walikuwa wakiupanda na kuushuka.

Mekatilili na Wanje walifika kwao. Kufika kule peke yake kulikuwa hoja. Serikali iliwaambia watu kwamba wale wawili wameondolewa, wamekwisha. Kumbe hao, wamesimama mbele yao na vumbi la miguu. Ambaye hakuamini viapo mwanzoni alianza kuviamini.

VITA VYA MWAKA 1914

Waingereza walikuwa wamekwisha kuamua kuwaadhibu Wagiriama kwa ukaidi wao. Amri iliyowachoma wengi ilikuwa ya mto: wote wanaokaa kaskazini ya Sabaki wahame, wavuke kurudi kusini, waache mashamba yao. Serikali ilijua ifanyalo. Mtu akitolewa penye mahindi mengi akawekwa penye ardhi kame, hatakawia kuomba kazi ya kibarua.

Tarehe 4 Agosti 1914 Kaya Fungo ilivunjwa kwa baruti. Siku hiyohiyo, huko Ulaya, Uingereza ilitangaza vita juu ya Ujerumani. Kwa Waingereza tarehe hiyo ni ya Vita Vikuu, na kwa Wagiriama ni ya kaya yao. Mwezi huohuo Mekatilili na Wanje walikamatwa kwa mara ya pili na kuondolewa, na vita vikalipuka. Askari wa King's African Rifles wakaingia na bunduki dhidi ya pinde na mishale. Watu wengi waliuawa, nyumba zikatiwa moto, na mbuzi wakakusanywa kwa maelfu. Mwishoni Wagiriama walitozwa faini ya rupia 100,000, wakaamriwa watoe vibarua 1,000, na wale wa ng'ambo ya kaskazini wakavushwa mto kwa nguvu.

Hapo msomaji anaweza kuuliza, safari ile ndefu ilikuwa na faida gani basi? Mama alirudi, akakamatwa tena, na watu wake wakapigwa. Ni swali la haki, na wako Wagiriama wa siku zile waliojiuliza vivyo hivyo walipotazama maghala yao yakiungua. Jibu lake lataka subira. Mashamba ya kusini hayakuwatosha watu, na ile ng'ambo iliyoachwa tupu haikumfaidia serikali kitu. Baada ya miaka michache Waingereza wenyewe walilegeza amri, na Wagiriama wakaanza kuvuka tena na kulima mahali pao pa zamani. Faini walilipa, na damu ilimwagika, lakini ng'ambo ya Sabaki haikubaki mikononi mwa aliyeitwaa.

KURUDI KWA MARA YA PILI

Mwaka 1919 Mekatilili na Wanje waliachiliwa. Safari hii hawakuwa watoro. Walirudi Kaya Fungo, na yasemwa kwamba Wanje aliongoza baraza la wanaume na Mekatilili akaongoza la wanawake. Mwanamke ambaye mwanzo hakuwa na cheo aliishia kukaa ndani ya kaya ambayo Waingereza walidhani wameifuta kwa baruti. Msitu wake umesimama mpaka leo, na mwaka 2008 shirika la UNESCO liliutia pamoja na misitu mingine ya kaya za Mijikenda katika orodha ya urithi wa dunia.

Alifariki mnamo mwaka 1924. Mjini Malindi imesimamishwa sanamu yake, na bustani iliyo hapo ikapewa jina lake. Wageni hupita wakapiga picha, na watoto wa shule huletwa wakaelezwa habari za kuku na kofi. Hilo ni jema. Lakini ingefaa waelezwe pia habari ya ile miguu, na mito iliyovukwa, na watu wasiojulikana walioinyoosha mikono yao kumsaidia mgeni.

Kaburi lake halipo Malindi, wala halipo Kaya Fungo. Mwenye kutaka kulizuru atatoka Malindi kwa njia ya Mambrui, avuke daraja la Sabaki ambalo magari hulipita kwa dakika moja tu, kisha aelekee bara hadi Bungale, katika Magarini. Hapo ndipo alipozikwa, kaskazini ya mto, upande uleule ambao mwaka 1914 watu wake waliamriwa wautoke.